Barua Iliyojaa Adabu

Hapo zamani, na sisemi ile zamani ya sungura na fisi, nasema zamani ya juzi tu, ya gavana na kofia yake ya manyoya, palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Kaje. Kama mmekuja kucheka, rudini makwenu, maana kisa hiki hakina pa kuchekea. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Sipendi kukatizwa.

Bi Kaje alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja, Senkondo. Wengine aliwazika wangali wachanga. Huyu mmoja ndiye aliyebaki, akakua, akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala la shamba la mkonge. Sikwambieni alikuwa malaika. Alikuwa kijana wa kawaida, mpole, mnene kidogo, hodari wa kula. Mama yake alimpenda hivyohivyo alivyo.

Jioni moja Senkondo akamkuta mtu ndani ya ghala, anafungasha mkonge usio wake. Wakavutana mpaka mlangoni, penye ngazi za mawe. Senkondo akamsukuma. Yule mtu akaanguka, kichwa kikagonga ngazi. Hapo Senkondo angeweza kukimbia, giza lilikuwa linaingia na hapakuwa na shahidi. Hakukimbia. Alimpakia mgongoni, akaenda naye mbio mpaka zahanati, damu ikimshuka shingoni hadi kiunoni, na njia nzima akimwambia usife, ndugu yangu, usife. Dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, ndiye aliyewapokea na kumteremsha majeruhi kwa mikono yake. Yule mtu hakuamka tena.

Sasa marehemu alikuwa ndugu wa mnyapara wa shamba. Mnyapara akapanda kizimbani akaapa kwamba wale wawili walikuwa na ugomvi wa muda mrefu. Dresa hakuitwa. Hakuna aliyemwuliza Senkondo ulifanya nini baada ya kumsukuma. Jaji akahukumu kunyongwa, akafunga faili lake, akaenda kula.

Mlango mmoja ulikuwa umebaki wazi. Gavana akiandikiwa na jamaa za mtu, akasoma, akaona pana jambo, aliweza kumwondolea mtu kitanzi na kumpa kifungo. Lakini barua sharti iwe ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe si kile cha sokoni, ni kile cha kuvaa koti na tai. Bi Kaje hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji ya kunywa.

Kabla ya kutafuta mwandishi, akaenda gerezani kumwona mwanawe. Alimkuta amekonda, nguo zinampwaya. Senkondo hakulia, wala hakumlaumu mtu.

"Mama," akasema, "waambie nilimbeba. Aliyekusudia kuua habebi. Waambie hilo tu."

Mama akasema nitawaambia. Akatoka pale akilirudia neno hilo moyoni lisimponyoke.

Akaenda kwa Karani Feruzi. Feruzi alikuwa amestaafu kazi ya boma, akikaa barazani na mashine yake ya taipu, akiwaandikia watu barua za serikali. Bi Kaje akamwamkia, akakaa, akasema yake yote bila kuzunguka.

"Andika. Jaji hakumwita dresa, na dresa ndiye aliyeona. Andika mwanangu alimbeba yule mtu mgongoni mpaka zahanati, damu imemlowesha mwili mzima. Andika Gavana asimuue, amwachie roho yake. Sina mwingine."

Hayo ndiyo maneno yake. Jaji hakumwita dresa, mwanangu alimbeba, Gavana asimuue. Mambo matatu, na mtoto anayejifunza kusema angeyaelewa. Yashikeni, kwa sababu karibuni mtayatafuta.

Feruzi alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema msije mkamtukana kabla ya wakati. Alikataa malipo, akasema kwa barua ya roho ya mtu hapokei kitu. Lakini alikuwa amekaa bomani miaka mingi, na aliwahi kuiona kwa macho yake barua iliyosema jaji amekosea. Ilichanwa, na aliyeiandika akaitwa ajieleze. Kwa hiyo alipofika kwa jaji na dresa, vidole vikasimama juu ya mashine.

"Mama," akasema, "tukianza kwa kumsema jaji, barua haifiki mezani. Itaonekana hapana adabu."

Akaiondoa sentensi ya jaji na dresa. Mahali pake akaandika kwamba jamaa wa Senkondo wana imani kubwa na mahakama. Kwa adabu.

Yakabaki mawili.

Feruzi akasema tena kwamba Kiingereza chake ni cha viwanja na kodi. Cha kumwandikia Gavana kinahitaji kupigwa pasi. Basi wakaenda kwa Mwalimu Hezroni, aliyelelewa na wamisionari, na ambaye Kiingereza chake, walisema watu, Wazungu wenyewe wakikisikia hugeuka kumtazama. Hezroni alikuwa amemfundisha Senkondo darasani. Alimpenda. Alichukua kalamu nyekundu.

Akasahihisha. Palipoandikwa naomba, akaweka nathubutu kuomba kwa unyenyekevu. Palipoandikwa Gavana, akaweka Mtukufu Gavana, na akahakikisha Mtukufu anatajwa katika kila aya. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Kisha akafika penye mgongo na damu, akaweka kalamu chini. Akamweleza Bi Kaje kwamba barua inayolia huchekwa maofisini. Wazungu husema hawa watu wanatia chumvi, wanatuletea machozi badala ya hoja. Kiingereza rasmi hakitaji damu, hakitaji shingo wala kiuno cha mtu mbele ya mkubwa.

Akaikata sentensi ya kubeba, yote, pamoja na damu yake. Mahali pake akaandika kwamba pametokea jambo la kusikitisha sana. Alikuwa analia wakati anaikata. Jamani, mtu analia na bado anakata.

Bi Kaje akaomba asomewe kwa Kiswahili. Akasomewa. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na pale alipombeba, pako wapi?"

"Pamo humohumo, mama," Hezroni akasema. "Pamefunikwa kwa heshima."

Bi Kaje akanyamaza. Mwalimu ni mwalimu.

Likabaki moja.

Barua haikuweza kwenda bila muhuri wa Jumbe Mwinchande. Hapa lazima niwaeleze desturi ya watu wale, ingawa wengine wenu mnaijua kuliko mimi. Kwao mtu hafiki kwa mkubwa akataja haja yake. Umekwenda kuposa, unasema tumekuja kuwasalimu. Umekwenda kuomba shamba, unauliza hali ya mbuzi na mvua. Mwenye nyumba ndiye atakayesema, najua hamkuja bure, semeni. Yeye ndiye anayekufungulia. Ukitaja kabla hajakufungulia, ni kama umemshika shati, na haja yako imekwisha kuwa haramu hapohapo. Huko watu walikuwa wakisalimiana asubuhi nzima, na kila mmoja anajua mwenzake amekuja kutaka nini. Na mambo yalikwenda. Mabinti waliolewa, mashamba yalipatikana.

Jumbe akasomewa barua kwa Kiswahili. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Senkondo, na kila penye Mtukufu alitikisa kichwa kuridhika. Zilipofika zile sentensi za mwisho, Gavana asimuue, amwachie roho yake, akainua mkono.

"Hapo mnamshika Gavana shati," akasema. "Mkubwa haambiwi fanya hivi. Anasalimiwa, halafu anauliza mwenyewe. Mama wa mtu aliyehukumiwa anamwandikia salamu, ni mkubwa gani asiyejua amekuja kutaka nini?"

Feruzi akamtazama Hezroni. Hezroni akamtazama Feruzi. Wote wawili walikuwa wanajua Kiingereza, na walijua kwamba huko maofisini ambalo halikuandikwa halipo. Lakini Jumbe ni Jumbe, tena mtu mzima, tena yumo nyumbani kwake. Utambishiaje mbele ya mwanamke na watoto wa nyumba? Feruzi akapiga taipu upya. Ile ya amwachie roho yake ikatoka, ikaingia kwamba Bi Kaje ana hakika Mtukufu Gavana, kwa hekima yake, anazijua haja za watu wake wote. Kwa adabu.

Halikubaki kitu.

Na ilikuwa barua nzuri, nisiwafiche. Haikuwa na kosa hata moja. Pembe zake zimenyooka, wino umekolea, mwisho wake imeandikwa mtumishi wako mtiifu, Bi Kaje, mama wa Senkondo. Bi Kaje akabonyeza dole gumba hapo. Jumbe akagonga muhuri. Barua ikaondoka.

Huko kwa Gavana palikuwa na katibu kijana, kazi yake kufungua barua. Maombi aliyaweka upande huu, salamu upande ule. Akaisoma ya Bi Kaje. Akaisoma tena, akitafuta inataka nini. Haitaki kitu. Majina ya waliohukumiwa yalikuwa kwa mtu mwingine, chumba kingine, na Senkondo kwake lilikuwa jina tu kama majina yote ya weusi yalivyokuwa kwake. Alifurahi hata, akamwambia mwenzake leo amepatikana mtu anayeandika bila kuomba. Akaiweka kwenye salamu, akaandika jibu.

Jibu likafika bado muda upo. Sikieni vizuri hapo, bado muda upo. Kama wangeelewa siku ile, barua nyingine ingeandikwa na ingewahi.

Watu wakajaa uani kwa Jumbe. Mwalimu Hezroni akasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Mtukufu Gavana ameipokea barua yako kwa furaha. Anakushukuru kwa maneno yako mema. Anakutakia heri wewe na nyumba yako.

Halafu Jumbe akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Mmesikia? Wewe na nyumba yako. Nyumba ya Bi Kaje ni nani kama si Senkondo? Mkubwa naye hasemi wazi. Amempa."

Vigelegele vikapigwa. Bi Kaje akaanguka magotini akamshukuru Mungu, akamshukuru na Jumbe.

Feruzi alikuwa amesimama nyuma. Yeye alijua kwamba Mzungu akikubali huandika nimekubali, akataja na jina na tarehe. Moyo ukamwambia sema. Lakini umwambie nini Jumbe mbele ya watu, na vigelegele vimekwisha pigwa? Akasema moyoni nitamwona kesho faraghani. Kesho yake akaenda, akakuta Jumbe ana wageni. Akasalimia, akarudi.

Hezroni naye alikwenda nyumbani na nakala, akaisoma peke yake. Jina la Senkondo halimo. Akaona. Akajiuliza, mimi ni nani wa kumrudia Gavana kumwambia hukusema vizuri? Akaikunja akaiweka ndani ya Biblia.

Bi Kaje akapaka chokaa chumba cha mwanawe, akamngoja siku kadhaa. Akachinja kuku, akapika wali wa nazi, akaufunga kwa majani ya mgomba, akatia kichwani na nguo safi za Senkondo, akaenda gerezani. Njiani kila aliyemwuliza alimjibu anakwenda kumchukua mtoto. Watu wakampa hongera.

Pale langoni akamwamkia askari, akamwambia amekuja kumchukua Senkondo, Gavana amemwachia. Askari akaingia ndani. Akakawia. Akatoka mwingine, sajini mtu mzima. Huyo alipomwona amekaa na furushi la chakula, alivua kofia, akaja akaketi chini mchangani karibu naye.

"Mama, hukuletewa habari?"

Hakuletewa. Sajini akamwambia. Akampa shati la Senkondo na mkanda wake. Mwili hautolewi, umezikwa humo ndani pamoja na wengine. Bi Kaje akamwuliza kama alikula asubuhi ile. Sajini akasema alikula. Sijui kama alisema kweli. Mimi mahali pake ningesema hivyohivyo.

Sasa ndio tunafika nilikokuwa nawaleta.

Siku ya kuondoa matanga, watu wamekwisha kula, mjomba wa Senkondo akasimama. Huyo hakuwa na maneno mengi. Akasema mtoto wetu amekufa na barua ilikuwapo, na walioitengeneza wote wako hapa. Anataka kujua nani alimuua, ajue namna ya kuishi na watu hawa.

Karani Feruzi akasema, "Mimi niliondoa jaji na dresa. Ningewaacha, barua ingechanwa bila kusomwa. Barua ilipotoka kwangu, kubeba kulikuwamo, na ombi lilikuwamo. Angeiacha Mwalimu kama nilivyompa, Senkondo yu hai."

Mwalimu Hezroni akasema, "Mimi niliondoa damu. Barua ilipotoka kwangu, ombi lilikuwamo, kwa Kiingereza kisicho na doa. Jumbe angeliacha, Senkondo yu hai. Na hata ningeacha ile ya kubeba, nani angeishuhudia? Dresa alikwisha kutolewa na Karani."

Jumbe Mwinchande alikuwa amezeeka ghafla katika siku zile. Akasema, "Mimi Kiingereza sikijui. Nilisema ya kwetu, ninayoyajua. Nyinyi wawili mnaijua ya Wazungu, mlikuwa mmekaa kulia kwangu na kushoto kwangu, na hakuna aliyeniambia, Jumbe, huko sivyo. Hata jibu lilipokuja, mlijua, mkaniacha nicheke mbele ya watu. Mngenena neno moja, Senkondo yu hai."

"Na nani angekubishia wewe?" Feruzi akauliza.

Mtu mmoja wa nyuma akasema wa kulaumiwa ni yule katibu. Aliandikiwa na mama, akasoma mama wa Senkondo, na asijiulize Senkondo ni nani. Mwingine akasema katibu kasoma alichoandikiwa, mlitaka asome na msichoandika? Maneno yakaanza kupanda.

Ndipo Bi Kaje akasema. Tangu arudi gerezani hakuwa amesema na watu. Hakusimama. Alisema akiwa palepale mkekani, kwa sauti ya chini, na wote wakanyamaza wamsikie.

"Mwacheni Karani. Mwacheni Mwalimu na Jumbe. Ni mimi. Mwanangu alinituma neno moja. Niliposomewa, nilisikia halimo. Niliuliza mara moja nikaambiwa limefunikwa, na nilijua siyo, halimo, masikio ninayo. Nikaona haya kuwabishia watu wazima waliosoma, wananisaidia bure. Nikaweka dole. Nimemuua mwanangu kwa haya."

Akangoja.

Mnajua alichokuwa anangoja? Sisi sote tunajua. Mtu akisema ni mimi, anangoja mwingine aseme, hapana mama, si wewe. Karani alitazama chini. Mwalimu alitazama chini. Jumbe alifungua mdomo, kisha akaufunga. Mjomba mtu mwenyewe, aliyeuliza, akakaa. Mwanamke aliyefiwa habishiwi siku ya matanga. Si adabu. Basi wakamwacha na neno lake, wakaaga mmoja mmoja, wakampa pole, wakaenda zao. Bi Kaje alikaa na neno hilo mpaka alipokufa, na hakukaa sana.

Mimi nimemaliza, na nimechoka na kisa hiki. Miaka yote hii nakisimulia, na kila ninapokisimulia watu huinama hivyo mnavyoinama nyinyi sasa, wanasubiri mkubwa wao aanze. Inueni nyuso. Karani aliyemwondoa shahidi, Mwalimu aliyeufunika ukweli, Jumbe aliyelitoa ombi, katibu ambaye hakuuliza, mama aliyejua akanyamaza, na wale wote waliomwacha mkekani wakaenda zao. Leo msinionee haya, wala msioneane haya nyinyi kwa nyinyi. Je, nani alimuua Senkondo?